Minyoo Wasio Maradhi: Jenasi Caenorhabditis na Msamiati wa Kiswahili katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambayo kwa jumla huitwa Eastlands na ambayo vijana wake huita Eastlando, tangu Pumwani na Shauri Moyo hadi Umoja, Kayole na Dandora, neno minyoo ni nadra kutajwa pasipo na ugonjwa. Mama humpeleka mtoto zahanati kwa sababu tumbo limemvimba. Muuza dawa humkabidhi mteja vidonge na kumwambia kuwa ni vya minyoo. Mwalimu huwaonya wanafunzi wanawe mikono kabla ya kula. Neno hili limefungamana na tumbo la mwanadamu kiasi kwamba mtu akisema udongo wa mahali fulani una minyoo, anayemsikia huelewa kwamba udongo huo ni mchafu na wa kuogopwa.

Hofu hiyo ina sababu, na si nia ya makala haya kuidharau. Lakini elimu ya viumbe inafundisha kwamba wanyama waitwao nematoda, ambao chango wa tumboni ni mmoja wao tu, ni wengi kupita wanyama wengine wote. Hukadiriwa kwamba kati ya kila wanyama watano wa dunia hii wanne ni nematoda. Walio wengi hawamdhuru mtu wala mnyama wala mmea. Huishi katika udongo, katika matope ya bahari, na katika matunda yanayooza. Makala haya yanashughulikia jenasi moja ya nematoda hao, Caenorhabditis, kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna jenasi nyingine ya minyoo iliyochunguzwa kwa undani kama hiyo. Pili, baadhi ya minyoo waliotumiwa katika uchunguzi huo waliokotwa Nairobi, na hata hivyo mkaaji wa Nairobi anayetaka kuwazungumza kwa Kiswahili hana neno la kuwaita ila lile lile la vidonge.

Yafaa kwanza kuyatazama maneno yenyewe. Kiswahili si maskini katika uwanja huu. Kina tegu, mnyoo bapa aliye kama utepe. Kina chango, mnyoo mrefu wa matumbo. Kina safura, ambayo ni maradhi ya kupungukiwa damu yaletwayo na minyoo wadogo wenye meno. Kina matende, maradhi yaletwayo na nematoda wanaopitishwa na mbu. Nje ya mwili kuna nyungunyungu, anayechimbuliwa kuwa chambo cha samaki. Funza naye hutajwa pamoja na hawa ingawa ni mdudu kamili na hana udugu wowote nao. Ukiyapanga maneno haya utaona kwamba yamegawanywa kwa kufuata mahali kiumbe kinapomwumiza mtu au kinapomfaa. Umbo la mnyama na nasaba yake havikuzingatiwa. Huo ni uainishaji wenye akili, na umewatumikia watu vizuri kwa karne nyingi. Ila shabaha yake si ile ya mwanabiolojia. Lugha jirani nazo zina mgawanyo wao: Mkikuyu hutumia njoka kwa nyoka na kwa minyoo ya tumbo pia, na Mkamba hutumia nzoka vivyo hivyo. Kwa hiyo mtoto wa Bahati au Makadara mwenye lugha moja nyumbani na nyingine uwanjani anaweza kukutana na mipangilio miwili ya viumbe kabla hajafika darasani, ambako hukuta wa tatu kwa Kiingereza.

Jambo la kuvutia zaidi liko katika upatanisho wa kisarufi. Neno mnyoo lina umbo la ngeli ya M-MI, kama mti na mguu, lakini kwa kuwa mnyoo ni kiumbe chenye uhai, sarufi sanifu hulipa upatanisho wa A-WA: mnyoo huyu, minyoo hawa. Ni kama mtume na mitume. Hata hivyo katika mazungumzo ya kila siku husikika minyoo inamsumbua, minyoo imeisha, kama vile mtu asemavyo homa imeisha. Wasahihishaji wa insha hulitia hilo alama nyekundu. Lakini huenda msemaji hajakosea sana. Akisema minyoo imeisha hazungumzii wanyama. Anazungumzia maradhi, na maradhi hayana uhai. Akimwona mmoja kwa macho yake, hubadili mara moja na kusema nimemwona. Lugha imekwisha kutenganisha mnyama na ugonjwa kwa kiambishi, ingawa haijawatenganisha kwa neno. Katika makala haya upatanisho wa A-WA utatumika kila mahali ambapo kinachozungumzwa ni mnyama.

Mnyama mwenyewe ni mdogo. Caenorhabditis elegans, spishi iliyo mashuhuri kuliko zote katika jenasi hii, akikomaa hupata urefu wa milimita moja hivi. Mwili wake ni kama uzi uliochongoka ncha zote mbili, na ni mwangavu: chini ya hadubini huonekana koromeo likifyonza, utumbo, na mayai yaliyopangwa kwa safu. Hana moyo, hana damu, hana mapafu; hewa hupenya kwenye ngozi. Hutambaa kwa kulala ubavu na kujipinda huku na huku, akiacha nyuma yake alama ya mawimbi. Chakula chake ni bakteria. Kinywa chake ni mrija ulio wazi, na ndani ya koromeo mna tezi mbili za musuli, ya nyuma ikiwa na kinu cha kusagia bakteria hao. Kinywa hicho kikumbukwe, kwa kuwa kitahitajika mbele.

Walio wengi katika spishi hii ni huntha: kila mmoja hutengeneza mbegu za kiume kwanza, akaziweka akiba, kisha hutengeneza mayai na kuyarutubisha mwenyewe. Akiachwa peke yake hupata watoto wapatao 300. Madume wapo lakini ni wachache sana, hawafiki mmoja katika mia. Jike halisi hayupo. Tofauti kati ya huntha na dume ni kromosomu moja: huntha ana kromosomu mbili za X, dume ana moja. Yai huanguliwa, lava hukua kwa hatua nne, na baada ya kila hatua hujivua ganda kama nyoka. Katika joto la nyuzi 20 hivi za Selsiasi safari yote kutoka yai hadi mzazi huchukua siku tatu au nne, na uhai wote ni wiki mbili au tatu.

Chakula kikipungua au minyoo wakisongamana, lava hushika njia nyingine. Hufunga kinywa, ganda lake huwa gumu, na huweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Wanabiolojia huita hali hii kwa neno la Kijerumani, Dauer, lenye maana ya muda au kudumu. Kwa Kiswahili ingefaa kusema lava mvumilivu. Lava huyo hupanda juu ya kitu kilichoinuka, husimama kwa mkia na kupungia hewani, mithili ya abiria anayesimamisha matatu kando ya Barabara ya Jogoo. Akipita konokono au jongoo, hudandia na kubebwa hadi kwenye chakula kipya. Huko hufungua kinywa na kuendelea na maisha pale alipoachia. Maisha ya jenasi hii hasa ni hayo: karamu fupi, njaa ndefu, na safari kwa usafiri wa kudandia.

Idadi ya seli za mwili wake imejulikana kwa hesabu kamili. Huntha aliyekomaa ana seli 959 zisizo za uzazi, na kati ya hizo 302 ni seli za neva. Katika ukuaji wake huzaliwa seli 131 zaidi ambazo hufa kwa utaratibu maalumu, na hufa zile zile kwa kila mnyoo. Aliyemwingiza mnyama huyu katika maabara za jenetiki ni Sydney Brenner, aliyezaliwa mwaka 1927 katika mji wa Germiston, Afrika Kusini, na kufanya kazi Cambridge, Uingereza. Makala yake makuu juu ya jenetiki ya C. elegans yalitoka mwaka 1974. Mwaka 1998 mfuatano wa jeni zake ulichapishwa, ukiwa wa kwanza kwa mnyama mwenye seli nyingi. Brenner, John Sulston na Robert Horvitz walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002, na tuzo nyingine zilizotokana na mnyoo huyu zimefuata, ya karibuni ikiwa ya mwaka 2024.

Asili ya jina lake, hata hivyo, inarudi Afrika mapema zaidi. Mwaka 1900 Émile Maupas, Mfaransa aliyekuwa mkutubi katika jiji la Algiers, alieleza mnyoo wa udongo wa huko na kumwita Rhabditis elegans. Sehemu ya kwanza ni ya Kigiriki na maana yake ni fimbo. Ya pili ni ya Kilatini, na humtaja mwenye umbo la kupendeza. Mwaka 1952 Osche aliwatenga minyoo wa namna hii katika kikundi kidogo ndani ya Rhabditis, akaongeza kiungo cha Kigiriki chenye maana ya upya. Mwaka 1955 Dougherty alikipandisha kikundi hicho kuwa jenasi kamili. Spishi ya pili kwa umashuhuri, C. briggsae, ilielezwa na Dougherty na Nigon mwaka 1949 na hubeba jina la Bi Briggs, lililotiwa kiishio cha Kilatini cha umilikaji wa kike. Kwa mpangilio unaotumika sasa, jenasi hii imo katika familia ya Rhabditidae, oda ya Rhabditida, ngeli ya Chromadorea, faila ya Nematoda, himaya ya wanyama.

Msomaji wa sarufi atatabasamu kuona neno ngeli katika orodha hiyo. Wanabiolojia wa Kiswahili walilitwaa kwa daraja moja ya uainishaji wao, nao wanaisimu wanalo kwa makundi ya majina. Baadhi ya watu wameona hilo kuwa kasoro. Si kasoro kubwa, maana muktadha hutenganisha. Bali lina faida: humkumbusha mwanafunzi kwamba kuainisha ni tendo moja popote lifanyikapo, na matatizo yake hufanana.

Tatizo la kwanza ni kwamba kufanana si nasaba. Waainishaji wa awali walitegemea umbo, hasa mkia wa dume, ambao una utando kama kipepeo na miiba miwili ya kujamiiana. Kwa kuwa umbo la minyoo hawa halina mengi ya kutofautisha, spishi mbili mbalimbali ziliweza kuhesabiwa kuwa moja. Na tabia iliyo wazi kabisa, ile ya uhuntha, ingeweza kumpotosha mtu kabisa. Spishi tatu za jenasi hii zina huntha: C. elegans, C. briggsae na C. tropicalis. Mtu angedhani hao ni ndugu wa tumbo moja. Uchunguzi wa jeni umeonyesha sivyo. Kila mmoja amepata uhuntha kwa njia yake, kutoka kwa mababu waliokuwa na majike na madume. Ndugu wa karibu wa C. briggsae ni C. nigoni, mwenye jike na dume. Ndugu wa karibu wa C. elegans ni C. inopinata, aliyeelezwa mwaka 2018 kutoka katika tini za visiwa vya Okinawa, Japani. Naye pia ana jike na dume, tena ni mrefu karibu mara mbili. Mwanaisimu analijua jambo hili. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa toni kama zifanyavyo lugha nyingi za Kibantu. Kitumbuka cha Malawi nacho hakifanyi hivyo. Hakuna anayezifanya lugha hizo mbili kuwa pacha kwa sababu hiyo peke yake.

Tatizo la pili ni mpaka wa spishi. Hapa wataalamu wa Caenorhabditis wana kipimo ambacho mwanaisimu angekitamani: huwachukua minyoo wawili, huwapandisha, na kutazama kama watoto na wajukuu watakuwa na rutuba. Wakiwa nayo, wazazi ni spishi moja. Kwa kuwa minyoo wapya walikuwa wakipatikana haraka kuliko majina, spishi nyingi zilikaa miaka na nambari tu, ya 9, ya 11, kama vile sehemu za Buruburu na Dandora zijulikanavyo kwa fezi, au kama vile Guthrie alivyozipa lugha za Kibantu herufi na nambari na Kiswahili kikaangukia kundi la G40. Mwaka 2014 Félix, Braendle na Cutter walitoa majina kwa spishi 15 kwa mkupuo mmoja, wakitumia vipimo vya kupandisha pamoja na kipande cha jeni badala ya maelezo marefu ya umbo. C. nigoni na C. tropicalis walipata majina yao siku hiyo. Sasa spishi zinazojulikana zimepita 50.

Nairobi inaingia katika habari hii mwaka 2008. Mwaka huo Dolgin, Félix na Cutter walichapisha katika jarida la Heredity uchunguzi wa C. elegans na C. briggsae waliokusanywa Kenya na Afrika Kusini. Miongoni mwa C. elegans walikuwamo wa Limuru na wa Nairobi. Mmoja wa Nairobi alipewa nambari ED3077, na kizazi chake hutunzwa hadi leo katika maabara, kwa maana minyoo hawa huweza kugandishwa katika baridi kali na kuamshwa baadaye wakiwa hai. Kwa upande wa C. briggsae matokeo yalikuwa ya kuvutia zaidi. Spishi hii ilikuwa imeonekana kugawanyika kwa latitudo, wa nchi za joto mbali na wa nchi za baridi. Minyoo wa Nairobi hawakuingia kokote, bali walikuwa tawi lao wenyewe la ikweta. Isidhaniwe kutokana na hayo kwamba Afrika ndiyo chimbuko la C. elegans kama ilivyo chimbuko la binadamu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 juu ya minyoo wa Hawaii unaelekeza kwenye eneo la Pasifiki.

Watafiti hao waliyapa makala yao kichwa cha mzaha: Hakuna Nematoda. Mzaha umejengwa juu ya maneno hakuna matata, yaliyoenezwa duniani na wimbo wa bendi ya Them Mushrooms ya Kenya mwaka 1982 na kisha na filamu ya The Lion King mwaka 1994. Mwenye Kiswahili akisoma kichwa hicho hupata maana nyepesi na iliyo kinyume cha matokeo: kwamba nematoda hawapo. Nao wapo, tena wenye nasaba ya pekee. Mzaha haumdhuru mtu. Lakini unastahili kuangaliwa na wanaohusika na msamiati, kwa kuwa sentensi ile, kwa bahati tu, imeeleza hali ya lugha kwa usahihi. Katika Kiswahili cha mitaani kuna minyoo, nematoda hakuna.

Wanapatikana wapi basi, mtu akitaka kuwaona? Kwa miaka mingi C. elegans aliitwa mnyoo wa udongo, na udongo wa mashariki ya Nairobi ni ule mweusi, mzito, unaopasuka kiangazi na kunata masika, tofauti na ule mwekundu wa upande wa magharibi. Sasa inaeleweka kwamba udongo mtupu humpa hifadhi tu, na kwamba nyumba yake halisi ni mimea inayooza: matunda yaliyoanguka, mashina yaliyolainika, mboji. Hata yule wa maabara, ambaye hutumika kama kipimo cha wengine wote, alitoka katika mboji ya kuoteshea uyoga karibu na Bristol, Uingereza, mwaka 1951. Tena C. elegans hapendi joto jingi. Katika nchi za tropiki hupatikana zaidi nyanda za juu, na Nairobi imeinuka karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. C. briggsae huvumilia joto zaidi. Mtu akiyaweka haya pamoja, asingekwenda mbali kutafuta. Lundo la maganda ya ndizi na maembe yaliyolegea nyuma ya soko la Burma au Gikomba, migomba iliyooza kando ya Mto Nairobi na Mto Ngong, jalala la mboga katika Korogocho: hayo ndiyo makazi ya namna inayoipendeza jenasi hii.

Njia ya kuwatoa ni nyepesi. Kipande cha tunda bovu huwekwa ukingoni mwa sahani yenye agari, ile rojo ngumu inayotengenezwa kwa mwani, na upande wa pili huwekwa tone la bakteria. Baada ya saa chache minyoo hutoka wenyewe na kuelekea kwenye chakula. Hadubini yenye kukuza mara 40 au 50 yatosha, na shule kadhaa za sekondari za mitaa hii zina hadubini bora kuliko hiyo. Si kila atakayetoka atakuwa Caenorhabditis. Jamaa zake wengi hula bakteria pia. Koromeo lenye tezi mbili, mayai ndani ya huntha, na mkia wa dume akipatikana, humwongoza mchunguzi, na uthibitisho wa mwisho hutaka kipimo cha jeni. Mikono ioshwe baadaye. Lundo lile lile la taka laweza kuwa na mayai ya chango, na mtu asikae kujidai kwamba anayajua yote kwa macho.

Hapo ndipo suala la msamiati linapoacha kuwa la maneno tu. Chukua mkulima mdogo wa Njiru au Ruai, au yule mwenye vitalu vya sukuma wiki kando ya mto. Anang'oa mche wa nyanya uliodumaa na kukuta mizizi imejaa vifundo. Vifundo hivyo huletwa na nematoda wa jenasi Meloidogyne, adui wa kweli. Anaambiwa kwamba udongo wake una minyoo na kuuziwa dawa. Dawa nyingi za kuua nematoda katika udongo hazichagui. Huua Meloidogyne pamoja na wale wala-bakteria, ambao wanamfaidia. Bakteria wana naitrojeni nyingi kuliko anayoihitaji mnyoo. Mnyoo akiwala, naitrojeni inayozidi huirudisha katika udongo kwa umbo ambalo mizizi huweza kulinyonya. Tofauti ya wawili hawa huonekana kinywani. Adui wa mizizi ana sindano ya kutobolea. Mla-bakteria ana mrija wazi uliotajwa juu. Mwanafunzi wa sekondari angeweza kuwatenganisha kwa dakika moja, lau angekuwa na maneno mawili ya kumrudia mzazi wake nayo nyumbani. Masomo ya sayansi nchini Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili hufundishwa kama somo, ingawa Katiba ya mwaka 2010 imekipa hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Hivyo tofauti iliyojulikana darasani huishia langoni mwa shule.

Wako pia nematoda wenye kumsaidia mkulima waziwazi. Mwaka 1997 Waturu, Hunt na Reid walieleza spishi mpya kutoka Kenya ambayo lava wake huingia ndani ya wadudu waharibifu na kuwaua. Waliiita Steinernema karii, kwa heshima ya KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya wakati huo, ambayo baadaye ilimezwa na KALRO. Ufupisho wa jina la ofisi ya Kenya ukatiwa kiishio cha Kilatini na kuwa jina la mnyama. Kama Kilatini, lugha isiyo na wasemaji mitaani, kiliweza kuipokea KARI, ni vigumu kuona kwa nini Kiswahili kishindwe kumpokea nematoda.

Na hata daktari wa tumbo ana deni kwa hawa wasio maradhi. Minyoo ya binadamu ni migumu kuitunza katika maabara, kwa hiyo namna dawa zinavyofanya kazi ilichunguzwa kwanza kwa C. elegans. Mwaka 1989 ilielezwa kwamba mnyoo aliyepoteza jeni iitwayo ben-1 hadhuriwi na dawa za jamii ya albendazole. Jamii hiyo ndiyo inayotolewa katika mpango wa taifa wa dawa za minyoo shuleni, ulioanzishwa nchini Kenya mwaka 2009. Jinsi vimelea wanavyojenga usugu kwa dawa ilifahamika kwa sehemu kubwa kupitia mnyoo wa matunda mabovu.

Maneno gani basi? Mnyoo duara lisishikiliwe. Duara ni umbo la sahani. Mnyoo huyu si duara, ila akikatwa mkato wake ndio huwa mviringo, na msikilizaji hawezi kulijua hilo. Mnyoo uzi linafaa zaidi, kwa kuwa linafuata macho, na pia kwa kuwa mzizi wa Kigiriki wa nematoda maana yake ni uzi. Hilo litumike kwa wasomaji wa kawaida, na nematoda litumike katika maandishi ya taaluma, likiwa na umbo moja la umoja na wingi kama bakteria, na upatanisho wa A-WA. Kwa wale wasioishi ndani ya kiumbe kingine kuna mapendekezo matatu ambayo mtu anaweza kuyafikiria. Wa udongoni linapotosha, kwa maana wengi hawaishi udongoni. Wa kujitegemea lina harufu ya siasa ya uchumi, na si kweli: mnyoo huyu humtegemea bakteria kwa chakula na konokono kwa usafiri. Linabaki huru. Mkaaji wa mtaa wa Uhuru anaweza kulicheka, lakini ni neno fupi, na linakaa vizuri mkabala na kimelea ambalo watu wameshalizoea.

Majina ya Kilatini yabaki kama yalivyo, yasitiwe irabu za mwisho, maana ni mali ya mataifa yote; sentensi ya Kiswahili iyachukulie kuwa ya wanyama: C. briggsae huyu ametoka Nairobi. Jenasi na spishi, zikiwa ni madaraja na si wanyama, zipatane kwa I-ZI.

Ingizo la kamusi laweza kuandikwa hivi. Nematoda: mnyama mwembamba kama uzi, asiye na pingili wala miguu, ajivuaye ganda akuapo, aghalabu ni mdogo asiyeonekana kwa macho matupu. Nematoda huru: aishiye nje ya viumbe vingine, udongoni, majini au katika mimea ioozayo. Nematoda kimelea: aishiye katika mwili wa mtu, mnyama au mmea na kuudhuru. Mnyoo nalo liandikwe upya kwa maana mbili zenye nambari, ya kwanza ya mnyama, yenye A-WA, na ya pili ya maradhi, yenye U-I, jinsi linavyosemwa Jericho na Kaloleni kila siku.